Ulimi Uliokunjwa

Siku ya msiba, picha ya Mama iliyowekwa juu ya meza ya sebuleni ilikuwa ya kitambulisho. Watu wa studio walikuwa wameikuza mpaka uso ukaonekana kama umepakwa unga, jicho moja limesinzia, mdomo umebanwa kama wa mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni. Mama hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kucheka, tena kicheko cha kuinama na kushika meza, na waliomjua walikaa mbele ya picha ile wakaishia kuangalia maua.

Aliyeona aibu zaidi ni kitinda mimba wake, maana yeye ndiye aliyejulikana ukoo mzima kwa kupiga picha. Kazi yake hasa ni fundi wa mafriji. Picha ni mapenzi tu, ya Jumapili, akizunguka na wenzake wachache kamera zikiwa shingoni, wakipiga milango, vivuli na paka wa watu. Kamera yake ni ya dijitali, nzuri, na wenzake walimbandika jina la Futa kwa sababu hupiga picha mia akabaki na mbili. Zingine huzifuta hapohapo amesimama barabarani, huku magari yakimpigia honi. Jina likamganda mpaka nyumbani, na hata dada yake akaliacha lile alilopewa na wazazi.

Mama naye alilipenda neno hilo, kwa bahati mbaya. Kila Futa alipompiga picha, Mama alinyoosha mkono aione kwenye kioo cha nyuma ya kamera, na kila alipoiona aliona pengo la jino lake la mbele na si kitu kingine. "Futa hiyo," anasema. Futa anafuta. Angeweza kumdanganya, angebonyeza kitufe chochote na kumwambia imeshakwenda, na dunia isingeanguka. Watoto wanaowadanganya mama zao kwa mambo makubwa kuliko hayo wamejaa tele. Yeye akawa mtiifu mahali ambapo utiifu haukuwa na faida, na sasa kadi zake zote zilikuwa na paka wa watu na hazikuwa na mama yake.

Dada yake alikuwa mtu wa filamu. Ni msusi mwenye saluni ya viti viwili, na nyuma ya saluni ana stoo isiyo na dirisha aliyoigeuza chumba cha giza. Beseni la kuoshea nywele za wateja ndilo la kusuuzia picha. Kamera yake ni ya chuma, nzito, haina betri wala kioo cha kutazamia. Ndugu hawa wawili walibishana juu ya kamera tangu Futa aliponunua ya kwake, na utani wao haukuwahi kuisha. Futa alimwambia dada yake kwamba anapiga picha kama mtu anayeomba ruhusa ya serikali. Dada akamjibu kwamba yeye anapiga kama mtu aliyeacha bomba wazi. Mama alipokuwepo aliwasikiliza, akasema wote wawili wangejifunza kupika ingekuwa afadhali.

Jioni ile ya msiba, wageni wengi walipokuwa wameondoka, Dada aliitazama picha ya kitambulisho kisha akawaambia waliobaki wasiumie sana. Kulikuwa na filamu. Mara ya mwisho alipomsuka Mama, alimkalisha kwenye kiti cha dirishani pale saluni, akampiga picha filamu nzima.

"Alinyoosha mkono kama kawaida yake, anataka aone," alisema. "Nikamgeuzia kamera. Nyuma chuma kitupu. Akaniuliza sasa mimi nitajuaje kama nimetoka vibaya? Nikamwambia hutajua. Alicheka huyo, mpaka akasahau kuziba mdomo."

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alishika kifua na kushukuru kwa sauti. Watu wakasogea. Dada akaeleza kwamba hakupata nafasi ya kuisafisha filamu hiyo kwa sababu ya mambo ya hospitali, lakini ipo salama, kwenye kopo la biskuti ndani ya friji ya saluni, na hawezi kuikosa maana ameikunja ulimi.

Futa alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alilirudisha mezani polepole.

Ulimi wa filamu ni ile ncha inayochungulia nje ya kikopo chake, ambayo mpiga picha huichomeka ndani ya kamera anapoanza. Filamu ikimalizika, wengi huizungusha mpaka ulimi unamezwa wote, ili isije ikachanganywa na mpya. Dada hakufanya hivyo. Yeye husafisha filamu zake mwenyewe gizani, na ulimi ukiwa nje kazi huwa rahisi, kwa hiyo huuacha nje na kuukunja ncha kidogo, kama mtu anavyokunja sikio la ukurasa. Uliokunjwa umetumika, ulionyooka mpya. Huo ulikuwa utaratibu wake peke yake, na kabla ya jioni ile hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Yaliyotokea ni haya. Kundi la Jumapili liliwekeana mchezo: wa dijitali watumie filamu, wa filamu watumie dijitali, kisha picha zishindanishwe. Mchezo huo ulibuniwa na mwokaji mikate mmoja wanayemwita Lenzi, mtu wa maneno mengi, na Futa akajibu kwa maneno mengi zaidi. Alisema filamu ni dijitali yenye majivuno, na kwamba angewaonyesha. Dada alimpa kamera yake pamoja na filamu moja mpya. Futa akatoka, akapiga picha chache nzuri, na mazoea yana taabu: katikati ya njia alifungua mgongo wa kamera aone zimetokaje. Mwanga ukaingia, ukala kila kitu.

Angecheka akasema. Dada angemtania mwezi mzima, ikaisha. Lakini alikuwa ameshajigamba, na mtu aliyejigamba ana njia chache za kurudi nyumbani. Wiki hiyohiyo friji ya saluni iliacha kupoza, na Dada, ambaye alikuwa kwa Mama, akamwachia ufunguo aitengeneze. Futa alitoa mafuta ya nywele, akatoa chupa za maji, akatoa kopo la biskuti. Filamu zilizokuwa kwenye maboksi hakuzigusa, maana boksi likipungua linaonekana. Akachukua ile iliyokuwa peke yake, uchi, ulimi nje. Alipanga kununua nyingine aiweke mahali pake kabla haijatafutwa. Ncha yake ilikuwa imekunjika. Akadhani imeumizwa na kopo, akachukua mkasi wa dada yake akaikata ikawa safi.

Aliiweka ndani ya kamera palepale, akajipiga mwenyewe kwenye kioo kikubwa cha saluni, kujaribu tu, akiwa bado na ovaroli ya kazi. Kisha akaenda zake juani akaimaliza: anga, kuta nyeupe, mashuka yaliyoanikwa. Siku mbili tatu baadaye Mama akaanguka kwa kiharusi, na hakuna aliyekumbuka mchezo wa Lenzi tena. Filamu ilibaki ndani ya kamera, kamera ikabaki kabatini kwa Futa.

Sasa alijua alichokifanya. Alikuwa amepiga mashuka juu ya kicheko cha mama yake.

Aliporudi nyumbani alikaa kitandani na kamera mapajani. Aliizungusha filamu ile kurudi ndani ya kikopo chake, na kwa kuwa hakuwa na ujuzi, aliizungusha kupita kiasi, ulimi ukamezwa. Akaitia mfukoni. Alijiambia kwamba kesho atamweleza dada yake kila kitu.

Kesho yake alikwenda saluni kwa kisingizio cha kusikiliza mota ya friji. Dada alikuwa anamsuka mteja, amempa Futa mgongo. Futa akafungua kopo la biskuti, akairudisha filamu mahali pake, na lile neno alilokuwa amelibeba tangu nyumbani akabaki nalo hivyohivyo. Kamera aliikabidhi mkononi, pamoja na filamu ya kwanza iliyoungua, akakiri kwamba alifungua mgongo njiani. Dada akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamwambia mteja, huyu ni mdogo wangu, anafungua oveni kuangalia kama keki imeiva, halafu anailaumu oveni. Futa alicheka naye.

Saluni hufungwa Jumatatu. Jumatatu iliyofuata Dada alimwita aje washuhudie pamoja, maana hakutaka kumwona Mama akiwa peke yake. Alifungua kopo, akachukua kikopo cha filamu, akakigeuzageuza.

"Mbona hii imemeza ulimi?" aliuliza. "Mimi huwa nauacha nje. Naukunja."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hakuna mlango uliowahi kufunguliwa wazi kuliko ule. Futa alitazama friji.

"Labda ulisahau," alisema. "Siku zile ulikuwa umechoka sana, Dada."

Dada alitazama vidole vyake, vile vidole vinavyosuka kichwa kizima huku yeye akiangalia televisheni.

"Labda," alisema.

Aliingia chumba cha giza peke yake. Alipotoka ameshika utepe uliolowa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, alitazama picha ya kwanza, akatazama ya katikati, akatazama ya mwisho. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. Zilikuwa zimepandana, moja juu ya nyingine, nzito, zimevurugika kiasi kwamba kwa macho matupu hukuweza kusema hiki ni nini na kile ni nini. Akasema ameipitisha filamu kwenye kamera mara mbili. Akasema ni yeye, mikono yake hiyohiyo, kwamba siku zile za kumuuguza Mama, kabla hajamwazima Futa kamera, alikuwa akipiga vitu bila kujua anapiga nini. Futa alimletea maji ya kunywa. Hicho tu ndicho alichokifanya, akaleta maji.

Dada aliwaeleza ndugu wote. Hakujificha hata kidogo. Alimpigia simu mama mdogo akamwambia picha hazipo, nimeziharibu mimi. Mama mdogo, ambaye si mtu mbaya ila mdomo wake huwahi kuliko akili, alimuuliza mtu anawezaje kuharibu kitu kama hicho. Swali hilo Dada akabaki nalo.

Jambo ambalo Futa hakulifikiria, na alipaswa kulifikiria kabla ya mengine yote, ni jinsi ugonjwa wa Mama ulivyoanza. Ulianza kwa kusahau. Kabla ya kiharusi Mama alikuwa anatia chumvi mara mbili, anarudi kukagua mlango alioufunga, anaita mtu kwa jina la mwingine. Sasa Dada akaanza kujichunguza. Alikuwa akimaliza kusuka anahesabu mistari tena. Alirudi njiani kuhakikisha amechomoa pasi ya nywele, akafika nyumbani, akamtumia Futa ujumbe apitie tena akaangalie. Alimuuliza mteja kama ameshalipa, na mteja akakasirika. Siku moja, wakila mchana saluni, aliweka kijiko chini akamuuliza mdogo wake jambo bila kumtazama.

"Mama alianza hivihivi, sivyo?"

Futa alisema hapana, haikuwa hivi, wewe ni uchovu. Alisema kwa ukali hata yeye akashangaa. Usiku hakulala, na si kwamba alikosa kujua la kufanya. Alilijua vizuri sana. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha mpaka sasa dada yake ndiye anayeumwa. Lakini kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza kosa jingine juu ya lile la kwanza. Mwanzoni angesema nilichukua filamu. Sasa ingebidi aseme nilikuacha uamini unapoteza akili.

Jumatatu nyingine Dada akamwita tena. Alikuwa amezipitia zile picha kwa kioo cha kukuzia, moja moja, na nyingi zimekufa, mwanga umezila. Moja, ile ya mwanzo kabisa, ilikuwa na sehemu nyepesi katikati, na ndani yake alihisi ameona uso. Alitaka kuijaribu kwenye karatasi. Futa alikwenda akiwa ameapa kwamba safari hii atasema kabla ya kuvuka kizingiti. Alivuka kizingiti, akasema habari za mchana.

Stoo ilikuwa ndogo, wamebanana, taa nyekundu inawaka juu ya rafu ya mafuta ya nywele. Dada aliipitisha picha kwenye mashine ya kukuzia, akahesabu kwa kunong'ona, akaitia karatasi kwenye trei ya dawa. Akamwambia Futa aitikise trei taratibu, asiache, yeye asuuze koleo kwenye beseni. Akampa mgongo.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Kisha kitu kikaanza kupanda. Kwanza weusi wa kamera, umeshikwa usoni mwa mtu. Kisha mabega. Kisha mfuko wa kifuani wenye bisibisi. Futa aliitambua bisibisi kabla hajajitambua mwenyewe. Ilikuwa ni ile picha ya kioo. Na kwa kuwa ovaroli yake ilikuwa nyeusi, haikuwa na mwanga wa kuila picha iliyokuwa chini yake. Pale kwenye ovaroli, kuanzia kola mpaka mkanda, Mama alikuwa anajitokeza. Ameinama kidogo, nywele nusu zimesukwa, mdomo wazi, pengo lake linaonekana lote. Hakuna picha nyingine ya Mama akicheka popote duniani.

Swichi ya taa nyeupe ilikuwa karibu na bega lake. Akiiwasha, karatasi itakuwa nyeusi yote, naye atasema samahani, nimeigusa bahati mbaya. Na ile filamu yenyewe ingeweza kupotea baadaye. Mtu anayesahau hupoteza vitu. Aliliwaza hilo, neno kwa neno, akajisikia akiliwaza, na aibu iliyompata ilikuwa kubwa kuliko woga. Mkono ulikuwa umeshainuka. Akaushusha, akaushika kwa ule mwingine.

"Dada," alisema. "Njoo uone."

Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Aliinama juu ya trei. Furaha ndiyo iliyomtangulia; alisema "Mama" kwa sauti ndogo sana, na kidole chake kikaelekea kwenye ule uso kabla ya kusimama. Halafu akaona bisibisi. Akaona kamera yake mwenyewe, na nyuma yake balbu za kioo cha saluni yake.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye beseni. Futa alimwambia yote, kuanzia Lenzi na kufungua mgongo wa kamera mpaka mkasi na kopo la biskuti. Alisema upesi, akitazama trei, na hakutafuta maneno mazuri. Alipomaliza, Dada bado alikuwa ameinama.

"Filamu ningekusamehe jioni ileile," alisema. "Uliniambia nilisahau."

"Nilikwambia."

"Nilikuwa naamka asubuhi nataja majina ya watoto wote wa ukoo, mmoja mmoja, nione kama bado ninayo."

Futa alilia, na Dada hakumbembeleza. Alichukua koleo, akaishika karatasi kwenye kona, akaipitisha kwenye maji, akailaza ndani ya dawa ya kukazia ili isibadilike tena. Futa alimwomba arudie kuikuza, aikate pembeni, abaki Mama peke yake. Dada akamwonyesha kwa ncha ya koleo kwamba hapakuwa na pa kukata. Ukimwondoa yeye, na Mama anaondoka.

"Hii ndiyo itakayokaa pale mezani," alisema. "Mimi nimeshajibu maswali ya watu vya kutosha. Sasa utajibu wewe."

Ikawekwa kwenye fremu, ile ya kitambulisho ikarudi kwenye droo. Mama mdogo alikuja Jumapili, akavua viatu, akasalimia, akaiendea meza moja kwa moja. Aliishika fremu mbele ya macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alianza kucheka pamoja na yule wa kwenye picha, kisha akakunja uso.

"Na huyu mwanamume ni nani?" aliuliza. "Mbona kama amemmeza dada yangu?"

Dada alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa, akaendelea kumimina, kikombe cha kwanza, cha pili.

"Ni mimi, mama mdogo," alisema Futa. "Kaa chini nikueleze."